Karti ya manjano, teste na ndege: vile unajipanga ukitoka Goma

Wiki zilizopita kijana mmoja wa Katindo, hapa Goma, ameniandikia saa tano usiku, ndege yake ni keshokutwa, anapeleka mama yake Inde juu ya operesheni ya goti, pasipoti iko, viza iko, dola za hospitali ziko, kisha ananiuliza «kaka, eti kuko karti fulani ya manjano wanaomba?» Nikamujibu kuko, njo karatasi ya kuonyesha umepigwa chanjo ya homa ya manjano, na umeshachelewa. Si ati Goma shindano haipatikani, hapana, ni kwamba shindano ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku 10 kisha kupigwa, na yeye alibakiza siku mbili. Tiketi zikabadilishwa, penalite ya watu wawili ikalipwa, mama akabakia nyumbani na goti yake wiki mbili zingine.

Mimi si muganga. Niko na kaofisi ka fotokopi na tiketi karibu na rond-point Signers, na haya yote nimeyajifunza juu ya kuona watu wanarudi kutoka Kigali na valizi zao wakilia, na siku moja aliyekosa ndege nilikuwa mimi mwenyewe, nitawaambia huko chini.

Kitu cha kwanza: safari isome kuanzia mwisho ukirudi nyuma. Watu wengi wanaanza na Goma, wanaangalia barieri ya mpaka, wanaangalia basi ya Kigali, wakifika ku ndege wanasema tutaona. Geuza. Chukua karatasi, juu kabisa andika mahali utalala usiku wa mwisho, chini yake kila kiwanja cha ndege utapita na masaa utakaa pale, hadi unarudi mu parcelle yako. Kila mustari jiulize: hawa wananiomba nini mimi ninayetoka Kongo? Angalia vizuri, hawaulizi sana pasipoti yako ni ya wapi, wanauliza umekanyaga wapi siku za karibuni. Mubelgiji aliyekaa wiki moja Goma akienda Inde wanamuomba karti sawa na wewe, na Mukongomani anayeishi Bruxelles miaka mitano bila kurudi hawamuombi.

Na usisahau mustari wa kurudi. Kuna watu wanakuambia «mimi naenda Ulaya, kule hawaombi karti ya manjano», na ni kweli, Ubelgiji haiombi, Ufaransa ya kule Ulaya haiombi, Marekani pia haiombi. Lakini Kongo yenyewe inaomba kila mtu anayeingia, kuanzia mtoto wa miezi 9, na hakuna kitu cha aibu kama kuzuiliwa ku mlango wa nyumba yako na wale wa ijene ya mipaka, wanaokagua afya, ukiwa na kiatu kipya cha Paris.

Sasa, nani anaamua kama unapanda? Watu wanafikiri ni polisi wa kule unaenda. Hapana, wa kwanza ni ule dada wa kontwari ya kampuni ya ndege, na yeye hatumii kichwa chake, anaangalia programu inaitwa Timatic, ya IATA, shirika la kampuni za ndege, ambamo nchi zote zimewekwa na kile zinaomba: viza, chanjo, teste, fomu. Akiingiza pasipoti yako na njia yako, programu inamwambia ndiyo au hapana. Akikosea akakupandisha bila karatasi, kampuni inaweza kulipishwa faini na inakurudisha kwa gharama yake, sasa utaelewa kwa nini hana huruma. Kwa hiyo usiende kumubishia ku kontwari, nenda umuulize muuza tiketi mbele ya kulipa: «fungulia mimi Timatic ya hii safari, na huko napita». Akikuambia haijui, badilisha ajansi. IATA iko na ukurasa wake ambao mtu yeyote anaweza kuangalia, bure. Angalia siku unanunua, kisha angalia tena siku tatu mbele ya kuondoka juu ya kanuni zinabadilika katikati, na usimusikilize shemeji aliyesafiri mwaka jana, yake ilikuwa ya mwaka jana.

Tuingie mu karti yenyewe. Homa ya manjano ni ugonjwa wa mbu, na njo ule moja tu ambao kanuni za afya za kimataifa za 2005 zimeutaja kwa jina kwamba nchi inaweza kukuomba karatasi ya chanjo ku mlango, bila kungojea epidemi. Ile karatasi inaenea dunia nzima, umbo moja, lugha ni Kifaransa ao Kiingereza. Chanjo ni moja tu ya maisha. Zamani ilikuwa miaka 10, ikabadilishwa tarehe 11 Julai 2016, na hata karti za zamani zilizoandikwa miaka 10 zinabakia kuwa za maisha. Kama uko na karti ya 2009 na iko sawa, usikubali mtu akuuzie shindano ya pili. Kuna maajenti wa mipaka ambao bado hawajui ama wanajifanya hawajui, waambie polepole, bila makelele.

Mahali pa kuchanjwa ni kwa wale wa PNHF, programu ya ijene ya mipaka, ama mahali wao wenyewe watakuelekeza. Piga simu mbele ya kwenda. Kuna sababu: chupa ya hii chanjo mara nyingi ni ya watu 10, na ikisha kuchanganywa inatumika mu masaa 6 tu, ile inabakia inatupwa. Njo maana unaweza kufika peke yako wakakuambia rudi Alhamisi, hawakufukuzi, wanangoja watu wafike. Wewe ongeza hizo siku za kungoja juu ya zile 10. Mimi nawaambia wateja mwezi mzima, wananicheka, kisha wanarudi kuniambia aksanti. Na lipa mahali pa kulipia, uombe resi.

Ukipewa karti usiondoke pale. Kaa ku benchi, ifungue, isome kama unasoma mkataba wa nyumba. Jina linafanana na pasipoti herufi kwa herufi, na postnomu, lile jina la katikati, iko ndani? Namba ya pasipoti? Tarehe ya kuzaliwa? Tarehe ya chanjo inaandikwa hivi: siku kwa tarakimu, mwezi kwa maneno, mwaka kwa tarakimu, tuseme 4 mars 2025, hapana 4/3 juu ya kuna nchi wataisoma tarehe 3 mwezi wa nne. Kisha kuna kolone ya saini ya muganga aliyesimamia chanjo, saini ya mkono, kashe (muhuri) peke yake haitoshi. Kuna kolone ya kiwanda na namba ya lo (kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja), ile wanabandika etiketi ndogo kutoka ku chupa. Kisha inaanza lini kuwa na nguvu, na kashe ya senta. Na wewe mwenyewe unatia saini, mtoto mzazi anamutilia. Wakikosea usikubali wafute na bic ama wapake korekta, omba karti mpya, kwa sababu imeandikwa mle ndani kabisa kwamba kufuta ama kuacha nafasi wazi kunaweza kuiharibu. Kila mtu na yake, mtoto hawezi kusafiri ndani ya karti ya mama.

Hapa kuna mtego mmoja ambao watu wa huku hawaujui. 2016, homa ya manjano ilipotoka Angola ikaingia Kinshasa, chanjo zilikuwa kidogo, sasa serikali na OMS, shirika la afya la dunia, waligawa dozi moja kwa watu watano. Ilifanya kazi kukinga watu, lakini ile dozi ndogo haihesabiki ku safari za nje. Kama ulichanjwa Kinshasa mu ile kampeni ya mwezi wa nane 2016, ile kakaratasi walikupa si karti ya manjano, itabidi upige dozi nzima.

Si kila mtu anapigwa hii shindano. Ni chanjo ya virusi hai iliyolegezwa: mtoto chini ya miezi 6 hapana kabisa, mwenye kinga ya mwili imeshuka sana hapana, mwenye aleji kali ya mayai aseme, mama mwenye mimba ama anayenyonyesha na mzee wa zaidi ya miaka 60 wazungumze na muganga kwanza. Kama muganga amekataza, kuna sehemu ndani ya karti ya kuandika hivyo, na saini na kashe, kwa Kifaransa ao Kiingereza. Lakini jua kwamba nchi unaenda inaweza kuikubali na bado ikakuweka pembeni. Na kama utapiga pia ya surua, ni siku moja pamoja ama uache wiki nne katikati.

Kwa nini Inde wanakuwa wakali hivyo? Kwa sababu Azia iko na mbu yule yule, Aedes, lakini virusi haina. 2016 wafanyakazi 11 wa China waliotoka Angola walirudi nayo kwao, watu walishtuka sana. Inde ukifika unatoka Kongo bila karti nzuri wanaweza kukufungia mu karantini hadi siku 6, hata kama daktari wa goti anakungojea. Afrika ya Kusini pia hawacheki: Machi 2012 waliwarudisha Wanaijeria 125 juu ya karti ambazo hawakuziamini, ikawa ugomvi mkubwa wa serikali mbili. Kwa hiyo yule kijana wa Birere anayekuuzia karti dakika tano bila shindano, muache. Kwanza unaweza kukamatwa, pili mbu hasomi karti.

Haya, teste. Hapa nataka kukaa kidogo ingawa Covid watu wanaona imekwisha. OMS ilitangaza dharura yake tarehe 30 Januari 2020 na kuifunga tarehe 5 Mei 2023, Marekani ikaacha kuomba chanjo ku wageni tarehe 12 ya mwezi ule ule, na nchi nyingi hawaombi tena kitu. Lakini ile namna ya kuhesabu haijakufa, ugonjwa mwingine ukitokea wataitoa mu kabati vile vile, na sisi huku Kivu, Mungu atusamehe, magonjwa hayatupiti mbali.

Ile siku yangu ilikuwa 2021. Naenda Dubai kutafuta vipuri vya moto (pikipiki), teste nimefanya, negatif, nimefika kontwari Kigali nikiwa na furaha. Dada amechukua karatasi, ameweka kidole chini ya jina langu mu pasipoti, kidole kingine mu karatasi ya labo, anavisogeza pamoja polepole, kimoja kinafika mwisho, kingine kinaendelea. Pasipoti ilikuwa na jina, postnomu na prenomu, labo waliandika mbili tu, ya katikati walisahau. Ameniambia «si wewe». Nimemuonyesha namba ya pasipoti juu ya karatasi: namba nayo walikosea herufi ya kwanza, mahali pa O wameandika sifuri. Ndege ikaondoka na kiti changu wazi. Nimelala Nyabugogo, kule ku gare ya basi ya Kigali, mu kachumba ka mbu, kesho yake teste mpya, tiketi mpya. Tangu ile siku mtu akija kwangu namuambia: ukienda labo usitaje jina kwa mdomo, wape pasipoti wakopie, kisha soma kwa kompyuta yao mbele hawajabonyeza.

Kuhusu masaa 72, ule muda ambao nchi nyingi zilisema teste ya Covid isipite. Saa inaanza pale pamba inaingia mu pua, hapana pale matokeo yanatoka. Halafu uliza masaa 72 mbele ya nini? Tuseme ndege inatoka Kigali Ijumaa saa 15:00 na unafika mwisho Jumamosi saa 7:00. Nchi inayohesabu kuondoka, unaweza kufanya teste kuanzia Jumanne saa 15:00. Nchi inayohesabu kufika, ni kuanzia Jumatano saa 7:00. Tofauti ni masaa 16, na mu hizo 16 watu wengi walipotea. Marekani ndiyo walihesabu siku, hapana masaa: kuanzia Desemba 2021 hadi Juni 2022 ilikuwa siku moja mbele ya ndege. Andika saa vile tiketi imeandika, usigeuze ku saa za Kiswahili, nimeona mzee mmoja amekosa ndege ya saa 11:00 akija saa kumi na moja jioni.

Kuna pia PCR, teste ya labo, na ile ya haraka, si nchi zote zinakubali ya haraka. Na PCR inaweza kubakia pozitif wiki nyingi mtu akiwa ameshapona, njo maana Marekani walikubali karatasi ya kupona: teste ya pozitif isiyopita siku 90, pamoja na barua ya muganga. Ukishikwa na ugonjwa usitupe ile karatasi mbaya, ndiyo itakusaidia kesho.

Chanjo ya Covid nayo ilituchezea. AstraZeneca za kwanza zilizofika Kongo mwezi wa tatu 2021 zilitengenezwa Inde, na kumbe Ulaya ilikuwa imeidhinisha ile ya viwanda vyake kwa jina lake, sasa Julai 2021 watu waliochanjwa ya Inde waliambiwa haiingii mu sertifika ya Ulaya, dawa ni ile ile! Kisha nchi moja moja zikaanza kukubali. Ndiyo sababu nasema chunga namba ya lo na jina la kiwanda, si neno «nimechanjwa» tu.

Ebola, Marburg na mpox ni njia nyingine: mara nyingi hawaombi karti, wanaomba ukweli. Julai 2019, Ebola ilipofika Goma, mnakumbuka maji ya klori na termofulashi kila kona, wanakuuliza siku 21 zilizopita ulikuwa wapi, uligusa mgonjwa, ulienda matanga. Siku 21 ni muda ule ugonjwa unaweza kujificha mu mwili. 2024 mwezi wa tisa Rwanda ikapata Marburg, na sisi ambao tunapita Kigali ikatugusa mara moja, Marekani wakapeleka abiria waliopita Rwanda mu viwanja vitatu tu, Chicago, New York na Washington, wawaangalie pale. Mwenye tiketi ya mji mwingine alibadilishiwa. Jibu fomu sawasawa na usimeze parasetamo kuficha homa ku termometre. Kama mwili una moto siku mbili mbele ya safari nenda upime malaria, mara nyingi njo yenyewe, na ukiwa na karatasi ya labo inayosema malaria utazungumza vizuri. Mpox, hata kama chanjo zilianza hapa kwetu Goma Oktoba 2024, si karti ya kupandia ndege, usikubali mtu akuambie ununue.

Polio haraka haraka: ukitoka nchi ambamo virusi vya polio vinazunguka, na Kongo imekuwa mu ile liste, wanakushauri dozi kati ya wiki 4 na miezi 12 mbele ya safari, na Inde wana tabia ya kuiomba, angalia Timatic. Ndugu Waislamu wa Hija na Umra, kuna chanjo ya meninjite (homa ya uti wa mgongo) ACWY, angalau siku 10 mbele ya kufika, na manjano juu yake.

Ku njia sasa. Kiwanja chetu kilifungwa na vita Januari 2025, kwa hiyo ni Grande Barrière, Gisenyi, basi masaa matatu hadi manne, Kigali. Uliza barieri inafunga saa ngapi ile wiki, usiulize ya mwezi uliopita. Lala Kigali usiku wa mbele kama uko na pesa kidogo. Ku kiwanja cha Kanombe unashuka mu gari mbali na mlango, mizigo inapita ku mashini, weka saa moja ya ziada. Karti ya orijinali inakaa ndani ya pasipoti mu mfuko wa mwili, hapana mu valizi inayoenda chini ya ndege, fotokopi hawaikubali lakini ichapishe hata hivyo na umuachie mtu nyumbani. Teste na fomu chapisha, telefone inakufa. Na kama una tiketi mbili tofauti, moja ya kufika Addis na nyingine ya kuendelea, jua wanaweza kukuhesabu umeingia Ethiopia, na viza na kanuni zake zote.

Yule kijana wa Katindo ameniandikia tena jana, sasa ni saa tano ya asubuhi. Wamefika Delhi, wamepita kwanza ku meza ya afya, na mama ndiye ameitoa karti mbele hata hawajamuomba, alikuwa ameishonea mufuko ndani ya kitenge.